Jambia la Kuonekana na Bastola ya Kufichwa

Wazee wetu wa Mwambao, siku ya Idi ama ya harusi, walikuwa wakijifunga jambia kiunoni, juu ya kanzu, likaonekana na kila mpitaji. Huko Omani hadi leo lavaliwa vivyo hivyo, na picha yake imo katika bendera ya nchi. Silaha ile ilikuwa na adabu yake: aliye nayo alijulikana.

Nimelikumbuka jambia hilo kwa kuwa Marekani yaenda njia nyingine. Mnamo Juni 2022, Mahakama ya Juu ya huko iliitangua sheria ya New York, iliyodumu zaidi ya miaka mia moja, iliyomtaka raia aeleze sababu maalumu kabla ya kuruhusiwa kutembea na bastola. Kufikia mwaka 2024, majimbo 29 kati ya 50 yalikuwa hayadai kibali chochote kwa mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria anayetaka kuficha bastola nguoni.

Basi watengenezaji nao wameingia mbioni, na wanunuzi hawaishi kuzilinganisha. Tuzitazame tatu. Smith & Wesson ilitoa mwaka 1950 bastola ndogo ya silinda izungukayo, yenye risasi 5. Kifyatulio chake ni kizito, chataka nguvu ya kidole, na aghalabu hakivutiki kwa bahati mbaya. Glock 43 ya mwaka 2015 ni nyembamba, unene wake kadiri ya inchi moja, na hubeba risasi 6; haina loki ya kufungwa kwa kidole gumba, kinga yake imo katika kifyatulio chenyewe. SIG Sauer P365 ya mwaka 2018 ni ndogo vivyo hivyo, lakini hubeba risasi 10, na huuzwa ikiwa na loki ama bila.

Kwa hesabu ya risasi, hii ya mwisho ndiyo mshindi. Lakini bastola kadiri inavyokuwa ndogo na nyepesi, ndivyo inavyopiga teke mkononi na kumkosesha shabaha asiye na mazoezi. Na isipowekwa katika ala ngumu inayofunika kifyatulio, hata upindo wa shati waweza kukivuta.

Ndugu msomaji, tulipokuwa chuoni tulifundishwa hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim: kwamba Mtume (S.A.W.) alimwagiza anayepita msikitini ama sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Angalia hekima yake. Mzigo umewekwa juu ya mwenye kubeba, kwa ajili ya walio karibu naye. Kwa mizani hiyo, swali la kwanza si bastola ipi ina risasi nyingi, bali ni nani atakayedhurika bila ya kukusudiwa.

Na aliye karibu zaidi na silaha ni mwenyewe. Mwaka 2021, watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi huko Marekani, na zaidi ya nusu yao, 26,000 na ushei, walijiua. Mtu hununua bastola kwa kumhofu mwizi. Mwizi huenda asije maisha, lakini saa ya huzuni humfikia kila mja, na saa hiyo chombo kiko tayari.

Nasi Kenya, ambako raia hapati leseni ya silaha pasipo kueleza sababu nzuri, tusiione sheria hiyo kuwa ni kero tu. Wahenga walinena, kikulacho ki nguoni mwako. Wao walikuwa wakimsema chawa, na chawa huonekana ukikung'uta nguo.