Dodoma Ina Wenyewe: Madai Matano na Majibu Yake

Tangu Serikali ihamie Dodoma, kuna maneno ambayo yamesemwa mara nyingi kiasi kwamba wengi wameacha kuyahoji. Utayasikia kwenye treni ya umeme inayopanda kutoka Dar es Salaam, kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo, na hata kwa watumishi waliopangiwa ofisi katika Mji wa Serikali wa Mtumba ambao kila Ijumaa jioni wana tiketi ya kurudi Pwani. Kiini chake ni kimoja: Dodoma ni mahali patupu palipobandikwa jina la makao makuu. Sikubaliani nayo. Nitayachukua madai matano yanayovuma zaidi, nieleze yanakosea wapi, na pale yalipobeba ukweli nitasema hivyo.

Dai la kwanza: Makao makuu yalihamishwa ghafla mwaka 2016 kwa amri ya mtu mmoja

Ni kweli kwamba Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali yake itahamia Dodoma, na miezi michache baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia. Lakini huo ulikuwa utekelezaji. Uamuzi wenyewe ni wa mwaka 1973. TANU ilipeleka suala hilo kwenye matawi yake nchi nzima, mengi yakakubali, na Oktoba 1973 ikatangazwa kwamba Dodoma ndiyo makao makuu mapya. Mwaka huohuo iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mkazi aliijua kwa jina la CDA. Mwaka 1976 mji ukapata mpango kabambe uliochorwa na wataalamu kutoka Canada.

Kilichofuata kinajulikana. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bei ya mafuta, na hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 vilikausha fedha. Hata hivyo kazi haikufa. CCM ilifanya Dodoma kuwa makao yake, na ni katika ukumbi wa Chimwaga ambako mwaka 1995 ilimteua Benjamin Mkapa kugombea urais. Bunge lilihamishia vikao vyake hapa katika miaka hiyohiyo ya 1990. Bunge Maalum la Katiba la 2014 lilikaa hapa. Mwaka 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji, na mwaka huohuo ikatungwa sheria inayoitambua rasmi kama makao makuu ya nchi. Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023.

Balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam, na anayesema kazi haijakwisha hajakosea. Lakini anayesema ilikuwa ghafla anafuta miaka 43 ya kusubiri, na anawafuta waliobeba gharama ya kusubiri huko. Familia zilizolima Iyumbu, Nzuguni na Ihumwa ziliishi miongo kadhaa bila uhakika kama shamba ni lao au ni kiwanja cha mtu asiyejulikana. Malalamiko ya ardhi yalirundikana hadi CDA ikavunjwa Mei 2017. Swali la kuuliza si kwa nini tumeharakisha. Ni nani amelipwa fidia, na nani bado anasubiri.

Dai la pili: Dodoma ni jangwa, haiwezi kubeba jiji

Dodoma ni nchi kame. Mvua ya mwaka ni milimita 550 hadi 600 hivi, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni vumbi na upepo mpaka mwaka ugeuke. Ukame huo ni wa kweli, lakini haufanyi jangwa. Wagogo wamelima uwele na mtama na kufuga ng'ombe katika ardhi hii kwa vizazi vingi, na mazao hayo mawili yalichaguliwa na watu wanaoijua mvua yao.

Chini ya ardhi kuna habari nyingine. Bonde la Makutupora, kaskazini ya mji, limekuwa likiupa mji maji ya visima, na kina cha maji yake kimepimwa tangu miaka ya 1950, jambo ambalo ni nadra sana barani Afrika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulitumia vipimo vya miaka 55 na kuonyesha kwamba bonde halijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hujazwa kwa misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, na akiba hiyo ndiyo hunywewa katika miaka ya katikati. Maana yake kwa mpangaji wa jiji ni nzito: ukijenga ovyo juu ya bonde hilo au ukilichafua, umeharibu ghala ambalo hujazwa mara chache.

Mgao wa maji katika mitaa mingi ni tatizo la kweli, na kulikana ni kuwadharau akina mama wanaoamka usiku kukinga ndoo. Mji umekua kuliko visima. Lakini tatizo hilo linatibiwa kwa mabwawa na mabomba, kama mpango wa bwawa la Farkwa wilayani Chemba, na kwa kulinda Makutupora. Halitibiwi kwa kurudi Dar es Salaam.

Tena hali ya hewa hiihii ndiyo iliyotupa zabibu. Kwa kuwa hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima wa Dodoma anaupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Nenda Hombolo au Mpunguzi wakati wa mavuno uone. Watu wanaingia shambani alfajiri kabla jua halijakolea, vishada vinakatwa kwa mkasi na kupangwa kwenye kreti za plastiki kwa uangalifu, maana tunda likipasuka huanza kuchacha. Kreti zinapelekwa barabarani, na hapo ndipo penye uchungu: gari la mnunuzi likichelewa, juisi huanza kuchuruzika chini ya kreti, na mkulima anakubali bei yoyote atakayotajiwa. Ardhi imetimiza wajibu wake. Kilichopungua ni viwanda vya kutosha na vyumba vya ubaridi.

Dai la tatu: Wenyeji wake ni ombaomba, hawana walichoipa nchi

Hili ndilo dai linaloniuma kuliko yote, kwa sababu husemwa kwa kicheko. Wapo wazee wa Kigogo wanaoomba katika barabara za Dar es Salaam. Wapo pia waombaji wa makabila mengine. Umaskini wa familia si tabia ya kabila, na umaskini huu una historia.

Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda Unyanyembe na Ujiji haikuwa na njia nyepesi ila kupita Ugogo. Ilinunua nafaka hapa, ilichota maji hapa, na ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 alilipa kama wengine. Nchi ya ombaomba haitozi ushuru misafara ya watu wenye bunduki.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Wajerumani, na baadaye la Waingereza, lilichukua nafaka, likachukua ng'ombe, likachukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu na mikono ya kulima haikuwapo. Njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, inakadiriwa kuua watu 30,000 kati ya 150,000. Anayecheka leo ajue anacheka juu ya nini.

Karibu miaka 30 baadaye Waingereza walikuja na mradi wa karanga Kongwa. Kuanzia 1947 walileta matrekta na mamilioni ya pauni bila kujifunza kwanza udongo, ambao kiangazi hukauka ukawa mgumu mno kwa jembe la mashine, wala mvua, ambayo haikufuata ratiba yao. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Maarifa yaliyohitajika yalikuwapo vijijini, lakini hayakuthaminiwa. Na huko huko Kongwa, katika miaka ya 1960, Tanzania ilizipa kambi FRELIMO, ANC, SWAPO na vyama vingine vya ukombozi. Samora Machel alikaa na kuongoza wapiganaji pale. Ardhi hii ilibeba sehemu ya uhuru wa kusini mwa Afrika.

Na watu je? Job Lusinde alikuwa waziri tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. John Malecela alikuwa Waziri Mkuu kati ya 1990 na 1994. Job Ndugai wa Kongwa alikuwa Spika kuanzia 2015 hadi 2022. Hukwe Zawose, Mgogo aliyepiga zeze na ilimba na kuimba kwa sauti iliyopanda na kushuka kama hana mapafu ya binadamu wa kawaida, alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuzunguka dunia na muziki wa kwao mpaka alipofariki mwaka 2003. Wanawake wa nyumba hiyo wanaendelea: kundi la The Zawose Queens lilitoa albamu mwaka 2024. Nyumbani kwenyewe, ngoma ya muheme bado ni ya wanawake. Wanazibana ngoma katikati ya mapaja, wanazipiga kwa viganja, na mmoja anaongoza wengine wanaitika kwa sauti zilizopangika ngazi kwa ngazi. Tamasha la muziki wa Cigogo la Chamwino limekuwa likiwakusanya wasanii wa vijijini kila mwaka. Kabila lenye urithi huo halisubiri kutambulishwa na yeyote.

Dai la nne: Ni mji wa Bunge tu, Bunge likiahirishwa, mji unalala

Zamani dai hili lilikuwa na ukweli mwingi. Leo nyumba za wageni bado hujaa wakati wa Bunge la bajeti, na bei hupanda. Lakini ujio wa wabunge pekee hauelezi hesabu hii: sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika Dodoma mjini, na ya 2022 ikakuta 765,179.

Watu hao wamefuata taasisi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 na kupangwa kuchukua wanafunzi 40,000. Mwaka huohuo kilianza Chuo Kikuu cha St. John's, katika majengo ya iliyokuwa shule ya sekondari ya Mazengo, iliyobeba jina la mtemi maarufu wa Mvumi. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilifunguliwa 2015, na mwaka 2018 ikaanza kupandikiza figo kwa ushirikiano na madaktari wa Japani. Hospitali ya Mirembe imetibu wagonjwa wa akili kutoka nchi nzima tangu enzi za mkoloni, na inastahili heshima badala ya mzaha unaofanywa kwa jina lake. Soko la nafaka la Kibaigwa, mkoani humohumo, huvuta malori ya mahindi kutoka mikoa ya jirani bila kujali kama Spika yuko kitini. Na tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika kutoka Dar es Salaam kwa saa nne hivi.

Penye hoja ya haki ni hapa: taasisi hizi zimewafaidi wenyeji kiasi gani? Kijana wa Ng'ong'ona anayeona mabweni ya chuo kikuu kutoka mlangoni kwao anastahili shule ya sekondari itakayomfikisha humo. Hilo ndilo la kudai.

Dai la tano: Dodoma haina michezo

Kabla ya Dodoma Jiji kulikuwa na Polisi Dodoma, iliyowahi kucheza Ligi Kuu. Dodoma Jiji yenyewe, Walima Zabibu, timu ya halmashauri ya jiji, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21 na imekuwa ikicheza humo msimu baada ya msimu, nyumbani kwake Uwanja wa Jamhuri. Haijachukua ubingwa, na siku ya Simba au Yanga majukwaa hujaa rangi za wageni. Hiyo ni hali ya karibu kila mji wa mkoani, na haifuti timu.

Wanaosema hakuna michezo wamesahau mabinti. Aprili 2023, mjini Durban, Afrika Kusini, wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa soka la shule ulioandaliwa na CAF. Timu ya wanafunzi kutoka mji unaodaiwa kuwa hauna kitu ilisimama juu ya shule za bara zima. Kikombe hicho kilitokana na shule kuwekeza kwa wasichana. Shule nyingine, na jiji lenyewe, wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa viwanja vya mitaa, ambavyo vinamezwa na viwanja vya nyumba kila mwaka.

Tudai yanayodaika

Makao makuu yamewekwa Ugogo, na Ugogo ulikuwa na watu, mazao, watemi na muziki kabla mtu yeyote hajachora ramani ya Mtumba. Ukilishika hilo, unajua cha kulalamikia. Lalamikia fidia ambayo haijalipwa. Lalamikia bomba lisilotoa maji na ujenzi unaosogelea Makutupora. Lalamikia kreti za zabibu zinazooza barabarani wakati meza za mikutano ya jiji hilohilo zimejaa vinywaji kutoka nje. Lalamikia mtoto wa Kigogo anayeishia kuwa mlinzi wa jengo lililojengwa juu ya shamba la babu yake. Malalamiko hayo yana majina, yana ofisi za kupelekwa, na yanaweza kutatuliwa. Kuuita mji mtupu ni kuwapa wenye wajibu kisingizio cha kutowajibu watu waliomo.