Sonona, Dawa na Neno Linalokosekana Tiwi

Mama wa Tiwi anapoingia katika chumba cha tabibu, aghalabu hasemi kuwa ana sonona. Husema moyo mzito, kichwa chawaka, usingizi umemhama, na hata arusi za jirani hazimvuti tena. Tabibu aliyebanwa na foleni humpima malaria, akampa dawa ya maumivu. Baada ya majuma mawili mama hurejea na malalamiko yale yale. Hapo jamaa huanza kunong'ona juu ya pepo na kumtafuta mganga. Kila mmoja ametenda kwa nia njema, na maradhi yamebaki bila jina.

Wanaokimbilia kulaumu uchache wa madaktari wa akili wana hoja. Hata hivyo, sehemu ya lawama ni ya wasomi wa Kiswahili. Watanzania wamelizoea neno sonona, lenye udugu na kitenzi sononeka. Nchini Kenya, vyombo vya habari huyumba baina ya unyogovu, mfadhaiko, huzuni na msongo wa mawazo, kana kwamba yote ni mamoja. La mwisho ndilo linalopotosha zaidi. Msongo una chanzo, na chanzo kikiondoka nao hupungua. Sonona yaweza kudumu hata deni likiisha kulipwa. Anayeambiwa ana mawazo mengi hushauriwa ayaache. Mwenye malaria haambiwi aache homa!

Mfano wa kufuatwa uko karibu. Nchini Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, watafiti waliwauliza wenyeji wenyewe wanayaitaje mateso haya. Walipata maneno mawili ya Kiganda, yokwekyawa na okwekubazida, yaani kujichukia na kujihurumia. Kisha yakaundwa makundi ya mazungumzo yaliyokutana kila juma kwa majuma 16, yakiongozwa na wenyeji wasio madaktari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wasiohudhuria. Lugha ilitangulia, tiba ikafuata.

Dawa nazo zahitaji maelezo ya lugha nyepesi. Fluoksetini haifanyi kazi kama dawa ya kichwa. Yaweza kuchukua majuma mawili hadi manne, pengine zaidi, kabla nafuu haijaonekana, ilhali kichefuchefu huweza kuja siku za mwanzo. Mgonjwa asiyeelezwa hayo huiacha siku ya kumi, akiamini imeshindwa. Aliyepona naye huiacha ghafla, ilhali hutakiwa kuendelea kwa takriban miezi sita au zaidi, na kuipunguza kwa ushauri wa daktari. Kwa sonona nyepesi, tiba ya mazungumzo yaweza kutosha. Kwa iliyo kali, dawa na mazungumzo kwa pamoja hufaa zaidi. Wanaozishindanisha mbili hizi, au kumfanya mgonjwa achague baina ya kidonge na dua, wanamwongezea mzigo. Dua haikatazwi na kidonge.

Uhakiki wetu wa fasihi pia haukusaidia. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) anajiua, na Rosa wa Rosa Mistika (1971) vilevile. Miaka nenda miaka rudi madarasa yamemjadili Kazimoto kwa mizani ya udhanaishi, na Rosa kwa mizani ya malezi. Mizani hizo si mbaya. Lakini ni nadra mwanafunzi kuulizwa kama wahusika hao walikuwa wagonjwa, na nani aliyekuwa karibu nao angeweza kulitambua hilo. Sheria nayo ilikuwa na jibu lake: kifungu cha 226 kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ya Kenya ilipoamua Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Kwa miaka yote hiyo, mama yule wa Tiwi, kama angefika ukingoni, angekuwa na sababu ya kumwogopa polisi kabla ya kumtafuta tabibu.

Wanafunzi wa isimu na fasihi kutoka Kwale wapo vyuoni. Wao wanajua Kidigo na Kiswahili cha nyumbani. Wangeanza kwa kukaa na akina mama wa Tiwi na Msambweni na kuyaandika maneno yao, kabla fomu nyingine ya maswali haijatafsiriwa huko Nairobi kwa maneno ambayo hakuna ayasemaye.