Muhtasari wa kijiji uandikwe kwa -nge- au -ngali-?

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kibiti, na ninachokipigania ni viambishi viwili: -nge- na -ngali-. Wenzangu wengi wanaviona ni mapambo ya mtihani. Mimi naona vinagusa haki za watu wa bonde hili.

Aprili 2024, maji ya Mto Rufiji yalipofunika mashamba ya mpunga ya Rufiji na Kibiti, maneno ya masharti yalitawala vijiweni na mikutanoni. Wapo waliosema maji yaliyofunguliwa kwenye Bwawa la Julius Nyerere ndiyo yaliyowamaliza. Serikali nayo ikasema bila bwawa hali ingalikuwa mbaya zaidi. Ubishi huo ni wa kumalizwa na wataalamu wenye vipimo vya maji. Ninachotaka ni kila upande uyaandike madai yake pasipo utata.

Chukua kauli hizi mbili. "Tungepewa taarifa mapema, tungevuna." "Tungalipewa taarifa mapema, tungalivuna." Katika ya kwanza mpunga bado umesimama na wakati upo. Katika ya pili mpunga umekwishaoza, na anayesema anataka mtu awajibike. Mkutanoni hapotei yeyote, kwa sababu kila mmoja analiona shamba lake limegeuka ziwa. Lakini muhtasari ukisomwa miezi mingi baadaye na ofisa aliyehamia juzi, "tungepewa" inaonekana ni ombi la msimu ujao. Malalamiko ya hasara yanawekwa kwenye jalada la maombi, basi.

Najua wasemaji hodari hutumia -nge- kwa yote mawili, na katika mazungumzo hawaharibu kitu. Wanaosema -ngeli- sina ugomvi nao pia, ilimradi waishike mpaka mwisho wa sentensi. Hoja yangu ni maandishi, ambayo husomwa mwenyewe hayupo.

Lugha nyingine nazo huutenga wakati uliopita. Anayejifunza Kihispania huchukua kitenzi kizima, hablar, yaani kusema, akabandika -ía mwishoni: hablaría, ningesema. Jambo likishapita, anahitaji maneno mawili: habría hablado, ningalisema. Sisi tunaimaliza kazi hiyo ndani ya neno moja, halafu tunaiacha ipotee!

Darasani tunawachosha watoto kwa "ningekuwa tajiri ningenunua gari". Mtoto wa delta ana mifano yake. "Tungekuwa na dungu imara, tungelala shambani kuamia ndege": mpunga upo, dungu linaweza kujengwa kesho. "Wasingalikata mikoko ile, ukingo usingalimomonyoka": mikoko haipo, ukingo umekwenda na maji. Hapo hapo anajifunza kukanusha, kwamba -si- hukaa mbele ya -ngali- katika pande zote mbili za sentensi, na hatasahau, maana ukingo wenyewe anaupita kila akipanda mtumbwi.

Walimu wenzangu wa Kibiti na Rufiji, tutunge mazoezi kutokana na mto huu. Nanyi watendaji wa vijiji, kabla ya kusaini muhtasari, mwulizeni msemaji: jambo hili bado linawezekana, au limeshapita? Kisha andikeni kama alivyojibu.