Jina Halipimi Kazi

Katika kazi ya ulinzi hakuna jukumu la kila siku lililo zito kama lile la kusimama langoni na kuamua nani apite na nani arudi. Askari wa jeshi hulitekeleza kambini na mpakani; polisi hulitekeleza barabarani na mlangoni pa kituo. Kwa kuwa mamlaka hayo ni makubwa, leo tunapenda kuwaeleza ndugu zetu hao habari za mwanamke mmoja aliyezuiliwa langoni kwa sababu ya jina lake, naye baadaye akawashinda wachupaji wote wa dunia.

Mwanamke huyo ni Victoria Manalo, aliyejulikana zaidi kwa jina la Vicki Draves. Alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 31 Desemba 1924, baba yake akiwa mtu wa Ufilipino na mama yake Mwingereza. Utotoni aliyaogopa maji, na hakujua kuogelea mpaka alipofika umri wa miaka 9 au 10. Mchezo wa kuchupa majini kutoka ubaoni aliuanza akiwa msichana wa miaka 16.

Alipotaka kufundishwa mjini kwao, alipewa sharti. Zama zile mabwawa mengi ya Marekani yaliwafungia mlango watu wasio weupe, na jina la Manalo lilionyesha wazi asili ya baba yake. Hivyo akatakiwa atumie ukoo wa mama, Taylor. Alikubali, maana bila hivyo asingepata bwawa wala mwalimu. Na tulitafakari jambo hilo: msichana alikuwa yule yule, na uwezo wake ulikuwa ule ule, kilichobadilika ni herufi chache tu daftarini.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya tabibu wa jeshi bandarini San Francisco, ili kuongeza pato la nyumbani. Mwaka 1946 aliolewa na mwalimu wake, Lyle Draves, na tangu mwaka huo alitwaa ubingwa wa Marekani wa jukwaa la mita 10 mara tatu mfululizo.

Mwezi Agosti 1948 alishindana katika Michezo ya Olimpiki mjini London. Katika ubao wenye kunesa wa mita 3 alipata pointi 108.74, na mwenzake Zoe Ann Olsen akapata 108.23. Tofauti haikufika hata pointi moja. Kisha katika jukwaa la mita 10 alishinda tena kwa pointi 68.87. Akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kupata medali zote mbili za dhahabu za kuchupa katika Olimpiki moja.

Katika timu hiyo hiyo alikuwamo rafiki yake Sammy Lee, daktari wa jeshi la Marekani, aliyezaliwa na wazazi kutoka Korea. Ujanani mwake huko California, Lee aliruhusiwa kuingia katika bwawa la mji wa Pasadena siku moja tu kwa juma. Naye alishinda dhahabu ya jukwaa mwaka 1948, na akaishinda tena mwaka 1952. Basi mabingwa wa jukwaa wa Olimpiki ile, mwanamke na mwanamume, wote wawili walikuwa watu waliowahi kuwekewa vikwazo na walinda milango wa nchi yao.

Askari anajua kwamba wakati wa hatari mwili hufuata yale uliyozoezwa. Anayechupa kutoka mita 10 hufika majini kwa mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, kabla ya kuhesabu sekunde mbili. Hapo jina halisaidii wala halidhuru. Kinachookoa ni mazoezi peke yake. Kama ndivyo, ni hasara iliyoje kumnyima mtu mazoezi kwa sababu ya jina!

Hatusemi kwamba mlinzi asiulize jina. Kukagua vitambulisho ni wajibu wake, na mlinzi asiyekagua ni adui wa kambi yake mwenyewe. Tunalosema ni kwamba jina humtambulisha mtu, lakini halimhukumu. Kijana ajaye kuandikishwa apimwe kwa mbio zake, afya yake na tabia yake, si kwa kabila la babaye. Msichana anayetaka kuvaa sare asikatishwe tamaa kabla ya kujaribiwa. Na msafiri anayesimamishwa barabarani aulizwe alilotenda, si ukoo wake.

Vicki Draves alifariki mwezi Aprili 2010. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 2006, San Francisco ilifungua bustani ya wananchi iliyopewa jina lake kamili: Victoria Manalo Draves. Mji uliomtaka alifiche jina la baba yake ndio huo huo uliokuja kuliandika hadharani, ila ulichukua zaidi ya miaka 60 kufanya hivyo. Ndugu zetu mnaosimama malangoni, haki hiyo mnaweza kuitoa siku ile ile mtu anapofika mbele yenu.