Nibu Husomwa Kwanza

Usione vyaelea, vimeundwa. Wenzangu hunicheka kwa kukusanya nibu za kalamu za kuchovya, ati naokota vyuma vya kuuza kwa kilo. Wacha wacheke. Mimi nasema anayetupa nibu hizo anatupa maandishi, na anayezing'arisha kabla ya kuzisoma ana hatia zaidi.

Nayajua haya kwa kuwa nimeyatenda. Babu, aliyekuwa karani zamani, alinipa mkebe wenye nibu thelathini na moja. Nikaona kutu, nikashika msasa. Nibu saba ziling'ara kama vijiko vya wageni, lakini mgongoni hapakusalia hata herufi. Babu aliziangalia akanyamaza. Kimya kile kiliniuma kuliko kiboko.

Zilizosalia nilizipangusa polepole kwa kitambaa chenye tone la mafuta, kisha nikaziinamisha penye mwanga wa dirisha. Lo! Moja ikasema Joseph Gillott, nambari 303, nyingine Esterbrook. Gillott alikuwa na kiwanda Birmingham, Uingereza, mji uliokuwa makao makuu ya nibu za chuma duniani katika karne ya 19. Esterbrook nayo ilianzishwa 1858, ikatengeneza nibu zake Camden, New Jersey, Marekani. Nambari usiidharau, maana ndiyo hutambulisha aina: ile 303 ina ncha nyembamba sana, na ukiikandamiza kidogo mstari hunenepa.

Jina likifutika, tazama umbo. Ncha iliyoinuka juu kidogo ni ya mtindo wa Waverley, nibu ya Macniven & Cameron wa Edinburgh. Lakini umbo pekee halitoshi, kwa sababu viwanda viliigana mno. Ndiyo maana zile saba zinaninyima usingizi.

Tena ni kazi ya watu. Chuma kilikatwa, kikatobolewa, kikapigwa jina, kikakunjwa na kukomazwa kwa moto. Ule mpasuko mwembamba ulikuja karibu na mwisho. Kule Birmingham wengi wa wafanyakazi hao walikuwa wanawake na wasichana. Jina nililolifuta mimi kwa dakika moja, kuna aliyeketi kwenye mashine akalipiga.

Basi mwenzangu, ukikuta mkebe kama huo kwa nyanya yako, weka msasa chini uniite. Kitambaa ninacho. Zile saba nimezitenga katika kiberiti, na juu yake sijaandika kitu.