Raha Yangu Si Diskaunti

Kuna swali limenichosha: "Lakini si unapenda kufuma?" Huja punde tu nikitaja bei ya skafu. Ati kwa kuwa nafurahia kazi, nipunguze.

Ndiyo, napenda. Napenda kitanda cha mfumi kinavyogonga, mshindio ukipita na rangi mbili zikizaa ya tatu. Lakini hebu tuhesabu. Skafu ya upana wa sentimita 50, nyuzi 6 kila sentimita, ni nyuzi 300 za mtande. Kila uzi naupitisha kwa mkono kwenye kitanzi chake, halafu kwenye kitana. Mmoja ukikosea njia, nafungua narudia. Na hapo, bana, sijafuma hata inchi moja.

Halafu unaniletea bei ya Gikomba. Mtumba ni poa, hata mimi navaa. Ila jasho la aliyeushona lililipwa, kama lililipwa, na mnunuzi wa kwanza huko mbali. Kwa skafu yangu, mnunuzi wa kwanza ni wewe.

Na msiseme ni hobi. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, akakuta vitambaa vinavyofumwa pale vinapelekwa hadi Misri. Hiyo ilikuwa biashara.

Rubani naye anapenda kuruka. Umewahi kumwomba tiketi ya bure? Bei ikikushinda, sema imekushinda, hakuna ubaya. Ila raha yangu usiitoe kwenye mshahara wangu. Mwenye nyumba haipokei.