Hema si alama ya kukimbia tu: familia ya Nyangwe nayo ina haki ya vakansi ng'ambo ya ziwa

Ukisema mbele ya watu sokoni Nyangwe kwamba familia fulani inapakia hema ndani ya gari ili kuvuka ziwa Tanganyika, hakuna atakayeuliza watakaa siku ngapi huko. Watauliza: "Kumetokea nini? Wanakimbia?"

Swali hilo linaeleweka. Kwa mkaaji wa kusini mwa Maniema, hema na bashi ni vitu vya vita. Neno "kambi" likisikika, akili inakwenda kwa wahamaji, kwa askari, au kwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 katika mkoa wa Kigoma, ambako makumi ya maelfu ya Wakongomani walipelekwa na vita na ambako watoto wengi walizaliwa bila kuijua nchi ya wazazi wao. Kambi ya Lugufu imefungwa tangu zamani, lakini huko Kabambare na Fizi bado kuna wazazi ambao safari yao pekee nje ya nchi ni ile ya mtumbwi wa usiku, mtoto mgongoni na sufuria kichwani.

Lakini kuna jambo ambalo linasahauliwa haraka. Watoto wa Kiro, wa Xaveri na skauti hufanya kambi kila vakansi. Wanalala nje, wanapika kwa moto wa kuni, wanaimba, wanarudi nyumbani wamekonda kidogo na wana furaha. Hakuna mzazi anayelia. Kumbe si hema lenyewe linaloleta huzuni. Huzuni iko katika kulazimishwa kulala ndani yake.

Basi tuchukue familia moja ya mfano: baba, mama na watoto wanne, wana Land Cruiser ya zamani ya biashara, wanataka kutumia wiki mbili za Agosti huko Kigoma. Si matajiri. Wameweka akiba toka Krismasi. Je, mpango huo unawezekana? Unawezekana, kwa shida. Na shida zenyewe, ukiziangalia moja moja, nyingi hazikuletwa na Mungu wala na ziwa.

Kwa kweli njia hiyo ni ya zamani kuliko Kongo yenyewe. Ujiji, kuvuka ziwa, Kabambare, Kasongo, Nyangwe: ndiyo barabara ya misafara iliyoleta Kiswahili mpaka ukingo wa Lualaba. Tippu Tip aliipita. Cameron alifika Nyangwe kwa njia hiyo mwaka 1874, Stanley mwaka 1876. Livingstone aliondoka Nyangwe tarehe 20 Julai 1871, akafika Ujiji tarehe 23 Oktoba. Miezi mitatu, kwa miguu, mgonjwa. Leo, zaidi ya miaka 150 baadaye, mtu mwenye gari hawezi kukuambia kwa uhakika kama atatumia siku nne au siku kumi na nne kufika kando ya ziwa. Hapo ndipo aibu ilipo.

Njia iko ngapi? Kupitia Bukavu hakuna haja ya kufikiri. Mji huo uko mikononi mwa M23 tangu katikati ya Februari 2025, baada ya Goma kuanguka mwishoni mwa Januari. Njia ya Salamabila kuelekea Lulimba, Fizi na Baraka inapita katika eneo ambalo makundi yenye silaha yamelisumbua kwa miaka, na watu wanakumbuka vizuri jinsi mgodi wa dhahabu wa Namoya ulivyosimamisha kazi mwaka 2019. Inabaki Kalemie. Ama kwa barabara ya udongo kupitia Kabambare, kama madereva wa malori na wenye pikipiki waliotoka huko juma hilo hilo wanasema ni salama. Ama kwa kuvuka Lualaba na kutafuta treni huko Samba, kupitia Kongolo, Kabalo na Nyunzu. Reli ya Kabalo hadi Kalemie ni ya mwaka 1915. Tatizo ni kwamba treni haina siku, na familia yenye vakansi ya wiki mbili haiwezi kuishi wiki moja kwenye gari la moshi lisilokuja.

Neno moja kwa wazazi hapa: usalama si jambo la kubahatisha mbele ya watoto. Kama habari za barabara si nzuri, hema lifunguliwe nyuma ya nyumba na safari isogezwe. Hakuna haya katika hilo.

Watu wakisikia "feri" wanafikiri mara moja juu ya ziwa. Wanasahau kwamba kwa anayechagua njia ya reli, feri ya kwanza iko hapa hapa: baki ya Lualaba. Kila dereva wa Kasongo ana hadithi yake ya baki. Siku moja mashine imekufa. Siku nyingine mashine ni nzima lakini mazutu hakuna, na msafiri anaambiwa alete ya kwake. Gari linasubiri, watoto wanakula mkate wa safari yote siku ya kwanza. Mpango mzuri wa vakansi kutoka Nyangwe unaanza na bidoni mbili za ziada, na si kwa ajili ya gari la familia.

Kisha Kalemie, na ziwa lenyewe. Kutoka Kalemie hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 120 za maji, kwa kukata mshazari kuelekea kaskazini. Asiwepo anayejidanganya na picha za televisheni, zile feri za Ulaya ambazo gari linaingia kwa mdomo mmoja na kutoka kwa mwingine huku watoto wanakula barafu juu. Meli zinazovuka huku ni za mizigo kwanza. Abiria hupata nafasi juu ya magunia. Kupakia gari ni mapatano marefu na mwenye meli, na bei yake inaweza kumeza vakansi yote. Kwa familia hii ya mfano, ushauri wenye akili ni kuliacha gari Kalemie kwa ndugu au kwenye uwanja wa parokia, kuvuka na hema na mizigo midogo, na kupanda taksi Kigoma. Anayetaka lazima kuvuka na gari akumbuke kadi ya njano ya COMESA kwa ajili ya bima, ambayo Tanzania inaitambua, na karatasi za forodha za kutoa gari kwa muda. Akumbuke pia kwamba Tanzania wanaendesha upande wa kushoto. Gari nyingi za mashariki zilizotoka Japani zina usukani wa kulia, hivyo kwa mara ya kwanza usukani utakuwa mahali pake. Ni dereva ndiye atakayehangaika.

Juu ya maji, kuna jambo ambalo halipaswi kusemwa kwa sauti ya chini. Desemba 2014, meli ya MV Mutambala ilizama karibu na Kalemie na watu zaidi ya 100 walikufa. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti nyingine ilizama ziwa Kivu mbele ya Goma, karibu sana na bandari ya Kituku, watu wanaona. Sababu ni zile zile ambazo kila mtoto wa pwani ya ziwa anazijua: kujaza kupita kiasi, mizigo isiyofungwa, jile hakuna. Aprili 2019, baada ya ajali ya Kalehe, rais Tshisekedi aliagiza kwamba kila abiria avae jile. Agizo lipo. Jile ziko wapi? Mzazi anayepanga safari ya Agosti anunue jile za watoto wake mwenyewe, kabla ya kununua hema, na asipande chombo ambacho maji yanakaribia ukingo hata kama ndicho cha mwisho siku hiyo. Tena Julai na Agosti ndiyo miezi ya upepo wa kusini. Barabara zimekauka, lakini ziwa limekasirika. Wavuvi watakuambia kuvuka kunafaa saa gani. Wasikilizwe wao kuliko muuza tiketi.

Karatasi sasa. Kwa miaka, pasipoti ya Kongo iliuzwa dola 185, moja ya bei za juu duniani kwa raia wa moja ya nchi maskini zaidi. Mwaka 2020 ilishuka hadi 99, na mwaka 2025 hadi 75. Ni hatua, na anayefanya vizuri asifiwe. Lakini piga hesabu: watu sita mara 75 ni dola 450, kabla ya kugusa esansi, na Nyangwe hakuna ofisi ya pasipoti, kwa hiyo kuna safari kabla ya safari. Majirani Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa tu. Mkongomani wa kawaida ana kadi ya mpiga kura, ambayo haimfikishi mbali. Tarehe 8 Aprili 2022 Kongo ilitia sahihi mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kenya iliondoa visa kwa Wakongomani tangu Septemba 2023. Kwa mkaaji wa Nyangwe, Jumuiya hiyo ingekuwa na maana siku ambayo mtoto wake angevuka kwa karatasi ya bei ya kuku. Kwa sasa familia ibebe pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, ruhusa yake kwa maandishi. Na iulize mambo ya visa huko DGM kabla ya kufunga mizigo, si bandarini.

Halafu bariera. Kila anayesafiri Maniema anajua kwamba kamba iliyovutwa barabarani ni ofisi. Wa kwanza anataka karatasi za gari, wa pili anataka "maji", wa tatu hana hata sare. Na kwenye mpaka ni hivyo hivyo, ingawa amri ya Machi 2002 ilisema wazi kwamba huduma zinazoruhusiwa mipakani ni nne: forodha, OCC, DGM na idara ya usafi na afya. Nne. Ukihesabu meza zilizopangwa kwenye bandari zetu, hesabu haitoki. Amri hiyo sasa ina umri wa mtu mzima mwenye watoto. Haikosi kueleweka, inakosa mtu wa kuitekeleza.

Wengine watasema kuna mambo ya maana zaidi, kwamba ni dhambi kuzungumza juu ya matembezi wakati ndugu wanalala chini ya bashi. Hoja hiyo ina uzito, na anayeitoa si mtu mbaya. Lakini tazama vizuri: barabara inayomzuia mwenye vakansi ndiyo inayomzuia mama mjamzito kufika hospitali ya Kasongo. Baki isiyo na mazutu ndiyo inayoozesha mchele na mawese. Boti bila jile inaua mfanyabiashara na mtalii sawasawa. Kumwambia mtu wa Maniema kwamba yeye ana haki ya kusafiri pale tu anapokimbia, anapozika au anapouza, ni kumkubalia maisha madogo.

Na huko Kigoma kuna nini? Kuna ufuko wa Jakobsen, karibu na mji, ambako wageni hupiga mahema mchanga ukiwa mlangoni. Kuna Gombe, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960 kuchunguza sokwe, na ambako hakuna barabara, unakwenda kwa boti. Mbuga za Tanzania zina bei ya chini kwa raia wa Jumuiya. Familia iulize bei hiyo langoni kabla ya kutoa pesa ya mgeni wa mbali.

Zaidi ya hayo yote, kuna Ujiji. Hapo mtoto wa Nyangwe ataonyeshwa mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone. Ataelezwa juu ya salamu za wazungu wawili. Inawezekana asielezwe kwamba mmoja wao alikuwa ametoka kwao, akiwa amevunjika moyo na kile alichokiona sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara walipofyatua bunduki katikati ya soko lililojaa wanawake, na wengi wakazama Lualaba wakikimbilia mitumbwi. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hizo zilipofika Uingereza zilisaidia kumsukuma sultani wa Zanzibar kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Mtoto wa Nyangwe akisimama chini ya miembe ya Ujiji, yeye ndiye mwenye kuongeza sehemu inayokosekana ya hadithi. Hilo halifundishwi vizuri darasani kwa ubao na chaki.

Wabunge wa mkoa huko Kindu wana muda kabla ya kiangazi kijacho. Hawaombwi hoteli wala uwanja wa ndege. Waombwe mazutu ya baki kwa miezi miwili, kuondoa bariera zisizo na karatasi kati ya Kasongo na Kabambare, na timu ya pasipoti inayotembea, ije Kasongo hata mara moja kwa mwaka. Familia ya mfano itafanya sehemu yake: jile, dawa za malaria, chandarua kinachoingia ndani ya hema, unga wa kutosha.

Vakansi zinaanza Julai. Siku chache kabla, baba atampigia simu mtu wa baki, na swali litakuwa lile lile la kila mwaka: mashine inawaka?